Miaka mitatu ya uhasibu Dubai: ukirudi Dar inahesabika au unaanza upya?

Leja_Tupu

Wakuu, habari za leo. Naomba mchango wa wanaoajiri au wanaofanya kazi za hesabu hapo nyumbani.

Hali ni hii. Shahada ya uhasibu ya chuo cha Tanzania, 2021. Mkopo wa chuo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) upo na haujaanza kulipwa. Ajira ya kwanza ni hapa Dubai, kampuni ya jumla ya vipuri vya magari, upande wa Deira, miaka mitatu inatimia. Mshahara dirhamu 5,000 kwa mwezi, mshahara wa msingi ukiwa 3,000 na zilizobaki ni posho ya nyumba na nauli. Kazi ni leja ya wadaiwa, ulinganisho wa benki, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kila robo mwaka, vyote kwenye programu ya hesabu ya Tally. CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) hakuna, hata hatua moja ya mitihani haijakaliwa.

Nataka kujua:
1. Waajiri wa Dar wanaihesabu miaka hii, au wanaiona ni ya kubeba maboksi tu?
2. CPA(T) ya bodi ya wahasibu ya Tanzania (NBAA) au ACCA ya Uingereza? Kabla ya kurudi au baada?
3. Nikiulizwa nataka mshahara gani, niseme ngapi?
4. Niondoke na karatasi zipi?

Kuna wanaoshauri nivumilie hadi mitano itimie kwa sababu ya kiinua mgongo. Karibuni.

---

Bi_Ajira

Swali lako la kwanza linategemea unabisha hodi mlango upi.

Serikalini na kwenye mashirika ya umma miaka hiyo haikupandishi ngazi. Nafasi nyingi inazotangaza Sekretarieti ya Ajira ni za kuingilia, Daraja la II. Wewe na aliyemaliza chuo mwaka jana mtakaa kwenye usaili mmoja wa mchujo, mtajibu maswali yale yale, na mkipita mtaanzia mshahara ule ule. Tena soma vizuri jina la nafasi. Afisa Hesabu Daraja la II huombwa kwa shahada. Mhasibu Daraja la II hudai CPA(T) juu ya shahada. Walioko nje huomba hii ya pili kwa kuwa huko kazini wanaitwa wahasibu, halafu wanashangaa majina yao hayamo hata kwenye orodha ya mchujo. Ukomo wa umri ni miaka 45, hilo kwako halina haraka.

Yanayowaangusha walioko nje kwenye Ajira Portal (tovuti ya maombi ya Sekretarieti hiyo) ni madogo madogo: barua ya maombi isiyo na saini, karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe cha kidato cha nne au cha sita, nakala ambazo hazijagongwa muhuri wa wakili, majina ya cheti cha kuzaliwa yasiyolingana na ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kama majina yako yanatofautiana hata herufi moja, tafuta hati ya kiapo mapema. Shahada yako ni ya nyumbani, kwa hiyo habari ya kwenda TCU (tume ya vyuo vikuu) kuomba itambuliwe haikuhusu. Na usaili wao unafika mwenyewe na vyeti halisi mkononi. Tangazo la kuitwa likitoka, siku zinazobaki huwa chache. Kuomba ukiwa Dubai inawezekana kabisa, lakini weka akilini nauli ya kwenda na kurudi kwa usaili ambao huenda mko mamia.

Sekta binafsi ni habari nyingine. Huko miaka yako inahesabika, ila siyo kwa sababu imeandikwa Dubai. Anayesoma CV yako Dar haijui kampuni yako ya Deira, hajui ni duka la watu wanne au ghala la watu mia mbili. Asipoelewa anachukulia kiwango cha chini. Ukiandika "nilishughulikia wadaiwa" umeandika neno la kila karani. Andika mzigo wenyewe, kwa mfano: "Leja ya wadaiwa ya wateja 240 katika nchi 4, ankara kama 900 kwa mwezi, madeni yaliyopitisha siku 90 yalishuka kutoka asilimia 22 hadi 9, ulinganisho wa akaunti 5 za benki kila mwezi, ritani ya VAT kila robo mwaka." Weka takwimu zako halisi, maana utaulizwa ulizipataje. Juu yake weka mstari mmoja unaoieleza kampuni: inauza nini, ina wafanyakazi wangapi, matawi mangapi, inakaguliwa na wakaguzi wa nje au la.

Neno moja ambalo huenda hutalipenda. Miaka mitatu kwenye wadaiwa peke yake ni uzoefu mwembamba kwa mtu anayetaka kuitwa mhasibu Dar. Kampuni nyingi za kati hapa zina mhasibu mmoja na msaidizi, na huyo mmoja ndiye anayefunga vitabu mwisho wa mwezi, anayelipa mishahara, anayepeleka ritani TRA na anayekaa na wakaguzi. Kabla hujatoa notisi, omba kupewa wadai, mali za kudumu na kufunga mwezi, hata kama ni kwa kumsaidia mwenzako anapokwenda likizo. Miezi sita ya kufunga vitabu itakuuza kuliko mwaka mwingine mzima wa kufukuzia madeni.

---

Kaunta_ya_Kodi

Naunga mkono, na naongeza pale ambapo walioanzia Ghuba huanguka kwenye usaili: kodi.

Viwango vya uhasibu havina shida. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya IFRS tangu 2004, kwa hiyo ukijua kuuingiza mkataba wa pango vitabuni kwa IFRS 16 Dubai, Dar utauingiza vile vile. Kodi ndiyo inayowaumbua. Imarati VAT ni asilimia 5, kodi ya makampuni ilianza Juni 2023 kwa asilimia 9 juu ya faida inayozidi dirhamu 375,000, na mshahara haukatwi kodi. Kwa hiyo mtu amefanya kazi miaka mitatu hajawahi kukata PAYE (kodi ya mshahara) ya mtu hata mmoja wala kodi ya zuio. Akiulizwa "mlipe fundi aliyeleta ankara ya milioni moja ya huduma", anaandika milioni moja yote. Kwetu unazuia asilimia 5 unaipeleka TRA, na usipozuia kampuni yako ndiyo itakayodaiwa.

Yaweke haya kichwani kabla ya usaili wowote wa Bara:

PAYE kwa mwezi: hadi 270,000 hakuna, inayozidi hapo hadi 520,000 asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, juu ya hapo asilimia 30. Ukijumlisha ngazi zote hadi milioni moja unapata 128,000, ikariri hiyo, inaokoa muda. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi, kwa kawaida asilimia 10, unatolewa kwanza, ndipo kinachobaki kinakatwa kodi. Kosa la kukata kodi kwenye mshahara ghafi ndilo la kwanza kuangaliwa.

Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara yote, inalipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, nayo ya mwajiri. Maswali ya mtihani hupenda kukupa kampuni ya watu 9 au 12 ili waone kama unakumbuka mpaka huo.

PAYE, SDL na kodi ya zuio: ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. VAT: tarehe 20 ya mwezi unaofuata. VAT ni asilimia 18, na kujisajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka.

Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi: hii watu wa Ghuba huidharau. Matumizi yasiyo na risiti ya EFD yanakataliwa kwenye hesabu za kodi ya mapato. Kampuni imelipa kweli, fedha imetoka kweli, mzigo umeingia, na bado gharama inarudishwa kwenye faida na kutozwa asilimia 30. Mhasibu anayepokea ankara tupu bila risiti anaigharimu kampuni karibu theluthi ya kila malipo.

Ukienda Zanzibar, mamlaka ni ZRA na mfuko ni ZSSF, na VAT yao haifanani na ya Bara. Usichanganye kwenye usaili.

Siku moja kaa na karatasi, tengeneza mishahara ya watu 12 kwa mkono, kisha kwenye Excel. Majibu yakilingana uko tayari kwa nusu ya maswali ya vitendo.

---

DebitiKrediti

Nijibu la CPA na la mshahara.

CPA(T) au ACCA: kama lengo ni kurudi Dar na kubaki, CPA(T). Mwenye shahada ya uhasibu haanzii chini kabisa; kwa kawaida anaingia hatua ya Kati kisha ya Mwisho. Mitihani ya NBAA ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ndani yake kuna kodi ya Tanzania, kwa hiyo kile alichosema Kaunta_ya_Kodi unakisoma humo humo. Kusoma unaweza ukiwa Dubai. Kukalia mtihani panga na likizo: sheria ya Imarati inakupa siku 30 za likizo kwa mwaka, ziombe zianguke Mei au Novemba, na wiki zinazobaki ufanye usaili. Ukija Desemba kula pilau la sikukuu utakuta ofisi nusu zimefungwa na mameneja wako mikoani.

ACCA ina faida yake. Inatambulika Dubai, Nairobi na London, mitihani iko mara nne kwa mwaka, na karatasi 13 hupungua kwa mwenye shahada kwa kusamehewa baadhi. Ila karatasi yake ya kodi haina toleo la Tanzania. Wengi hukalia toleo la Uingereza, na ukirudi nalo TRA halikusaidii chochote. Pia ukiwa na ACCA usidhani unakuwa CPA(T) moja kwa moja. Kutambuliwa na kusajiliwa ni suala la NBAA, unawasilisha maombi na wanakupa masharti yao.

Vyote viwili vinadai miaka mitatu ya uzoefu wa vitendo kabla ya uanachama kamili, na hapa miaka yako ya Dubai inafaa sana, ukiiandalia ushahidi. Upande wa ACCA unahitaji miezi 36 na malengo 9, matano ya lazima na manne ya kitaalamu, yaliyosainiwa na msimamizi mwenye sifa ya uhasibu. Kama bosi wako ni mwenye duka tu, saini yake kwenye malengo haitoshi. Mtafute mapema mkuu wa fedha au mkaguzi wa nje mwenye sifa anayeijua kazi yako. Hili ndilo linalowashinda wengi: kazi wamefanya, wa kuithibitisha ameshahamia kampuni nyingine.

Sasa mshahara. Usichukue dirhamu 5,000 ukazidisha kwa bei ya leo ya shilingi ukaitaja. Dirhamu 5,000 ni karibu dola 1,360, na zote zinaingia mfukoni. Hapa unayotajiwa ni ghafi. Tuseme kwa maisha yako ya Dar unataka kutia mfukoni milioni 2.5. Hesabu inakwenda hivi kwa ghafi ya 3,700,000:

NSSF asilimia 10: 370,000.
Inayotozwa kodi: 3,330,000.
PAYE: 128,000 + asilimia 30 ya 2,330,000 = 827,000.
Mkononi: 2,503,000.

Bado HESLB. Mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hapo ni 555,000. Mkononi inabaki 1,948,000. Kwa hiyo ukisema milioni 2.5 ukidhani unataja ya mfukoni, na mwajiri akaandika milioni 2.5 ghafi, utashtuka mwezi wa kwanza. Taja ghafi daima, na sema wazi kuwa ni ghafi.

Je, soko litakupa 3.7? Kwa wadaiwa peke yake bila CPA, sidhani. Kwa anayefunga vitabu na ana hatua ya Kati mkononi, mazungumzo yanawezekana, hasa kwenye kampuni zinazonunua bidhaa Dubai au zenye wakubwa huko. Bandari ya Dar sehemu yake inaendeshwa na DP World tangu 2024, na nyuma ya bandari kuna mawakala wa forodha, wasafirishaji na waagizaji wa Kariakoo ambao kila siku wanabishana na ankara za Deira. Mtu anayejua jinsi mwuzaji wa kule anavyotoa punguzo, anavyokubali au kukataa kurudisha mzigo, na anavyoandika nyaraka zake, ana thamani hapo kuliko kwenye benki au shirika lisilo la kiserikali. Anza maombi yako huko.

Na huo mkopo: HESLB ulitakiwa kuanza kurudishwa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, kwa hiyo muda huo umeshapita. Omba namba ya malipo (control number) ulipe ukiwa huko huko, hata kidogo kidogo. Ukianza kazi Dar mwajiri atakukata tu, lakini salio litakuwa dogo.

---

Mzee_wa_Deira

Nipinge kidogo. Kijana ana kazi, ana visa, kwa nini asivumilie hadi mitano? Baada ya miaka mitano kiinua mgongo kinapanda kutoka mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka wa kazi hadi wa siku 30. Wengine wanarudi mapema wanakuta ajira hakuna, wanauza vocha.

---

DebitiKrediti

Mzee, hesabu tuifanye hadharani. Siku 30 zinahusu miaka inayozidi ile mitano, hazirudi nyuma. Na zinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siyo dirhamu 5,000. Msingi 3,000 ni dirhamu 100 kwa siku. Miaka mitatu: 21 × 100 × 3 = 6,300. Wengi huzidisha mshahara wote na kutegemea 10,500, kisha wanadhani wamedhulumiwa. Mwaka wa sita utampa 3,000 badala ya 2,100, nyongeza ya dirhamu 900. Kubakia miaka mingine mitatu kwa ajili ya dirhamu 900 ni sababu dhaifu.

Sababu nzito ya kubaki ingekuwa nyingine: kama atapandishwa awe anafunga vitabu, au kama mwajiri atamlipia ACCA. Hizo ninazikubali. Kiinua mgongo hapana.

Kuna upande wa pensheni ambao hautajwi. NSSF inadai michango ya miezi 180 ili upate pensheni ya kila mwezi. Miaka ya Dubai haimo. Aliyeanza kuchangia akiwa na 28 bado ana muda mrefu, anayeanza na 45 akipoteza kazi mara mbili tatu hatafika kirahisi. Ukiwa huko unaweza kujiandikisha kama mchangiaji wa hiari, kwa hiyo waulize NSSF wenyewe masharti.

---

PwaniKE

Hamjambo. Hapa Kenya hali inafanana ila karatasi ni nyingine, naweka kwa faida ya wasomaji wa Mombasa na Nairobi walio Ghuba.

Kwa kazi za serikali na mashirika mengi makubwa utaombwa stakabadhi tano: cheti cha kulipa ushuru kutoka KRA (mamlaka ya mapato), kibali cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), fomu ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi) iliyojazwa, na ripoti ya CRB ya historia ya mikopo yako. Ya DCI unaomba kupitia eCitizen, kisha unakwenda kutoa alama za vidole. Ada ni shilingi 1,050.

Mbili za kwanza ndizo zinazowaumiza waliotoka nje. Mwenye PIN ya KRA anapaswa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30, hata ikiwa ni ya sufuri. Anayekwenda Doha akasahau miaka mitatu anarudi kukuta faini ya kuanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka, na bila kuilipa hapati cheti. HELB nao wana faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi kwa asiyelipa. Piga hesabu ya miezi 36: ni 180,000, bila kugusa mkopo wenyewe. Kama hali ni ngumu waandikie mapema mkubaliane utaratibu wa kulipa, kuliko kunyamaza.

Mhasibu wa Kenya anayetaka cheo cha juu ataulizwa uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu. CPA ya KASNEB (bodi ya mitihani) peke yake bila kujisajili ICPAK ni kama nusu ya safari kwa matangazo mengi.

---

Bi_Ajira

Nimalizie karatasi, swali la nne, maana huko ndiko watu wanaondoka mikono mitupu.

Sheria ya kazi ya Imarati iliyoanza kutumika Februari 2022 inamtaka mwajiri akupe cheti cha uzoefu bure ukikiomba mkataba unapokwisha. Kinatakiwa kuonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo au aina ya kazi, na mshahara wa mwisho. Hicho ni cha lazima lakini hakitoshi, kwa sababu hakielezi ulifanya nini. Omba na barua ya pili kutoka kwa msimamizi wako, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, inayoorodhesha majukumu. Mwandikie wewe rasimu, umpelekee asome na kusaini. Ukisubiri aandike mwenyewe utapata mistari miwili ya "alikuwa mchapakazi".

Chukua pia nakala ya mkataba uliosajiliwa wizara ya kazi, hati za mshahara za miezi 6 ya mwisho, na taarifa ya benki inayoonyesha mishahara ikiingia. Cheti cha polisi kiombe ukiwa bado na kitambulisho cha Imarati na simu ya huko, ni rahisi kuliko kukitafuta ukiwa Tabata.

Kuhusu mihuri: hutakiwi kugonga kila karatasi muhuri wa wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Waajiri binafsi wengi wa Dar hawaidai. Wanatuma barua pepe au wanapiga simu. Tumia fedha hiyo kwenye ada ya mtihani, na ugonge muhuri ile tu iliyoombwa kwa maandishi.

Wadhamini wawe watatu, angalau mmoja awe Tanzania, hata kama ni mhadhiri wako wa chuo. Kwa wale wa Dubai chukua barua pepe zao binafsi na namba zao, siyo za kampuni. Watu wa huko huhama kila mara, na barua pepe ya kampuni hufungwa siku anayoondoka.

Laini yako ya Tanzania iweke hai. Isiyotumika muda mrefu hufungwa, na kuirudisha kunahitaji alama za vidole ukiwa nchini. Mwajiri akiona namba ya 971 tu kwenye CV hudhani utachukua miezi kufika. Andika namba ya nyumbani juu, na mstari mmoja: notisi siku 30, au idadi iliyo kwenye mkataba wako, kisheria ni kati ya 30 na 90.

Mpangilio wa kuondoka: toa notisi kwa maandishi, fanya kazi hadi siku ya mwisho, chukua cheti na barua kabla hujasaini kuwa umelipwa kila kitu. Malipo yako yote yanatakiwa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha, na siku za likizo ambazo hukuzitumia zinalipwa kwa mshahara wa msingi. Akaunti ya benki ifunge baada ya fedha kuingia, siyo kabla, na kadi ya mkopo ikiwa na deni ilipe kwanza. Usiondoke kimya kimya ukidhani utamaliza kwa simu. Ukiripotiwa kuwa umetoroka kazini, cheti cha uzoefu usahau, na kuingia tena Imarati kunaweza kukushinda.

---

Leja_Tupu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali moja limebaki. Kwenye visa na kwenye mkataba wa wizara nimeandikwa "karani wa mauzo", siyo mhasibu. Cheti cha uzoefu kitatoka na cheo hicho. Nifanyeje?

---

Bi_Ajira

Hili ni la kawaida kuliko unavyodhani. Kampuni huchukua nafasi ya visa iliyopo, cheo kinabaki hicho hicho miaka yote. Njia ya kwanza ni kumwomba mwajiri abadilishe cheo kwenye mkataba sasa, ukiwa bado kazini. Akikubali, hata miezi minane ya "mhasibu" iliyosajiliwa inatosha kuwa ushahidi. Anaweza kutaka shahada yako ithibitishwe kwanza, na hapo ndipo mihuri ya ubalozi inakuwa na maana. Gharama jadilianeni nani anabeba.

Akikataa, barua ya majukumu ndiyo silaha yako. Iwe na sentensi inayosema wazi kwamba cheo cha visa ni karani wa mauzo ila kazi halisi tangu tarehe fulani ilikuwa ya hesabu, na isainiwe na mtu mwenye cheo cha fedha. Kwenye CV andika cheo cha visa kama kilivyo, mstari unaofuata andika kazi halisi. Usibadilishe cheo kimya kimya. Anayekagua akilinganisha na cheti, atakuona mwongo kabla hajakuona mhasibu.

---

Kaunta_ya_Kodi

Ongeza ushahidi ambao hauna cheo: barua pepe za wakaguzi wa nje zilizoelekezwa kwako zikiomba taarifa za hesabu, au taarifa ya ritani ya VAT yenye jina lako kama mwandaaji. Ila usibebe faili za kampuni wala orodha ya wateja kwenye flashi. Hiyo ni kesi, na mwajiri mpya akiona umekuja na leja ya watu wa zamani atajiuliza ukitoka kwake utaondoka na nini. Omba ruhusa ya kuchukua kurasa mbili tatu zilizofichwa majina na kiasi, basi.

Na CPA, usajili wa mtahiniwa NBAA hufungwa mapema kabla ya mtihani. Ukilenga Mei, anza kukusanya vyeti Novemba.